Gari Lililotumwa kwa Komadre Gilma

Binti yangu Maryori alipoanza kusomea usimamizi wa miradi ya kompyuta, mtu wa kwanza kusimamiwa nilikuwa mimi. Ilikuwa asubuhi, nimeinama jikoni nageuza arepa, mikate yetu ya mahindi, akaniambia nisimame wima.

"Kikao ni cha kusimama, mama. Jana ulifanya nini?"

"Jana nilifua mashuka yako."

"Leo unafanya nini?"

"Nachoma arepa. Ukizidi kuuliza zitaungua."

"Na kitu gani kinakukwamisha?"

"Wewe. Umeziba mlango wa friji."

Alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo kabla ya kwenda kazini. Alikuwa anafanya kazi katika kampuni ya programu za kompyuta pale katikati ya Medellín, lakini si kwenye kompyuta zenyewe. Alikuwa ghorofa ya chini, amevaa spika masikioni, anapokea simu za wateja waliokasirika. Alitukanwa na watu asiowajua, kisha akawaambia asante kwa kupiga. Jioni akirudi Aranjuez, mtaani kwetu, alikuwa anaingia bafuni na kufungua bomba. Mimi nilisimama nje ya mlango na kusikia maji yakitiririka tu bila mtu kuoga. Nilijua analia. Nilirudi jikoni nikapasha maharage.

Ndiyo maana aliposikia kuna mafunzo ya bure ya Jumamosi, nilimwambia aende, hata kama nitabaki peke yangu na kazi zote za nyumbani. Alirudi kila wiki na karatasi ndogo za rangi, zile zenye gundi nyuma, akazibandika kwenye ukuta wangu. Alinieleza kwamba kazi kubwa hukatwakatwa vipande. Kila kipande kina mwenyewe mmoja, na jina lake linaandikwa juu yake. Kipande kikienda vizuri kinawekwa kijani. Kikianza kusumbua kinawekwa njano. Kikikwama kinakuwa chekundu, na hapo wakubwa wanaitwa.

"Mwalimu anasema rangi ni ya kazi, si ya mtu," akaniambia.

"Kwa hiyo kazi ikiwa nyekundu watafukuza karatasi?"

"Mama, hujaelewa."

Labda sikuelewa. Mimi niliacha shule mapema. Lakini nimeona wakubwa wakiitwa, na sijawahi kuona wakiondoka bila mtu.

Bosi wake aliitwa Injinia Marcela. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kumwita binti yangu kwa jina lake. Alimwita Simu. "Simu, niletee kahawa." "Simu, wewe unasomea umeneja? Haya, nchi imeendelea." Na wengine wakacheka, kwa sababu aliyecheka hakuitwa jina lake la utani siku hiyo. Lakini ni Marcela huyohuyo aliyempa Maryori mradi wa kujaribiwa. Sijui kama alimwamini, au alitaka kumwona akianguka mbele ya watu. Alimwambia hivi, na Maryori alinirudia maneno yake neno kwa neno: "Ukimridhisha mteja huyu, nakupa mkataba wa kudumu na meza huku juu. Usipomridhisha, spika zako ziko kule chini, hatujazitupa."

Mteja alikuwa kampuni ya mazishi iliyoitwa Los Cipreses. Nusu ya mtaa wetu tulikuwa wanachama wao, tunalipia kidogo kidogo ili siku ikifika tusiwe mzigo. Walitaka mfumo wa kompyuta. Mtu akifa, jina lake linaingizwa, na hapohapo familia inapata ujumbe wa pole, dereva wa gari la maiti anapata amri ya kwenda, na watu wa maua wanajua. Sasa hivi kila kitu kilifanywa kwa simu, na wakati mwingine maua yalifika kesho yake.

Nilijipiga ishara ya msalaba niliposikia. "Hawakuwa na mradi wa keki?"

"Kila mtu anakufa, mama. Ni mteja mzuri."

Waliomfanyia kazi walikuwa wawili tu. Wa kwanza alikuwa Dubán, kijana mnene mwenye haya, anayekula buñuelo, maandazi ya jibini, mbili kwa wakati mmoja na kuomba radhi. Wa pili alikuwa Wbeimar, na huyo si mgeni kwetu. Nyumba yao inatazamana na yetu. Mama yake, Gilma, ndiye aliyemshika Maryori juu ya maji ya ubatizo, na tangu siku hiyo mimi na yeye tunaitana komadre. Wbeimar alisoma kompyuta chuoni. Ni yeye aliyempelekea Marcela karatasi za Maryori alipokuwa hana kazi, akamwombea ile kazi ya simu. Sasa Maryori alikuwa juu yake.

"Unaona aibu?" nilimuuliza Wbeimar siku moja, akiegesha pikipiki.

"Aibu ya nini, Mama Rubiela? Bora atuamrishe mtu tunayemjua. Huyu nimeshamwona akilia kwa kunyimwa aiskrimu, hawezi kunitisha."

Wbeimar alipewa kipande cha ujumbe, kile kinachotuma pole kwa familia na amri kwa dereva. Kilikuwa kipande kigumu kuliko vyote. Na mwaka huo figo za Gilma zilikufa.

Alikuwa anasafishwa damu kwa mashine mara kadhaa kila wiki. Wbeimar alimpeleka kwa pikipiki, amemfunga kiunoni kwa shuka asianguke, kisha akakimbilia kazini, kisha akarudi kumchukua, kisha akaenda kupanga foleni ya dawa. Gilma alitibiwa kwa bima ya mwanawe, kama mzazi anayemtegemea. Kazi ya Wbeimar ndiyo iliyokuwa mashine ya Gilma. Hakuna aliyehitaji kuelezwa jambo hilo.

Kila asubuhi kwenye kikao cha kusimama Wbeimar alisema maneno yaleyale: "Inaenda. Bado kidogo tu." Sisi hapa tunaona ni utovu wa adabu kumwambia mtu hapana usoni. Tunasema bado kidogo, na anayesikia anaelewa kwamba hakuna kitu, na anashukuru kwa kutoaibishwa. Maryori alielewa vizuri sana. Mwalimu wake wa Jumamosi aliwaonya juu ya neno hilohilo, akawaambia mwambieni mtu awaonyeshe, msikubali maneno. Basi siku moja Maryori akamfuata Wbeimar kwenye ngazi za ofisi.

"Nionyeshe."

"Mary, usinifanyie hivyo."

"Nionyeshe kilichopo."

"Hakuna kilichopo. Kuna mwanzo. Usiku namgeuza mama kitandani, asubuhi nampeleka, wewe unajua. Niwekee kijani wiki hii tu."

"Kijani siwezi."

"Basi njano. Usiniwekee nyekundu. Marcela akiona nyekundu ananitoa, na mama yuko kwenye kadi yangu."

Maryori alirudi nyumbani hajala. Akaniuliza mimi. Nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua.

"Weka njano," nikamwambia. "Lakini usisimame karibu naye sana. Akianguka asikushike mguu."

Akaweka njano. Na akapanga vizuri, kama alivyofundishwa. Alimwambia Marcela kwamba siku ya kumwonyesha mteja, kipande cha ujumbe kitakuwa hakijaunganishwa bado, wataonyesha kwa kuigiza tu: jina linaingizwa, kitufe kinabonyezwa, alama ya tiki inatokea, basi. Marcela akakubali. Alisema hata ndoa nyingi huanza kwa kuigiza.

Ilikuwa Septemba, mwezi wa upendo na urafiki, na kule ofisini walicheza mchezo wa rafiki wa siri kama ofisi zote. Kila mtu anachomoa jina la mwenzake kutoka kwenye kofia na hamwambii mtu. Wiki nzima anamtegea pipi mezani bila kuonekana. Siku ya mwisho wanakusanyika, kila mmoja anajitaja na kutoa zawadi yenyewe. Kujitaja kabla ya siku ni kuharibu mchezo. Nimewahi kuona ndugu wakikosana kwa ajili hiyo. Siku ya kujitaja ilipangwa Ijumaa. Siku ya mteja ilikuwa Alhamisi.

Dubán alichomoa jina la Wbeimar.

Hakununua shati wala chupa ya manukato. Aliona mwenzake anavyosinzia mbele ya kompyuta, akafikiria zawadi nzuri kuliko zote. Watu wakienda kula mchana yeye alibaki na mfuko wake wa buñuelo na kuandika kipande cha ujumbe mpaka mwisho. Alikiunganisha na orodha ya wanachama. Alikiunganisha na simu ya madereva. Alitaka Ijumaa, mbele ya wote, amwambie Wbeimar: bonyeza. Na kila asubuhi kwenye kikao, alipoulizwa leo anafanya nini, alisema anarekebisha rangi za ukurasa. Hakumwambia Wbeimar. Hakumwambia Maryori. Ubaoni karatasi ya kipande kile ilibaki njano, na jina la Wbeimar juu yake.

Haya ya ofisini nayasimulia kama Maryori alivyonisimulia. Ya nyumbani kwa Gilma niliyaona mwenyewe.

Alhamisi hiyo mteja alikuja, mzee mmoja nadhifu aitwaye Don Aurelio, mwenye Los Cipreses. Walimkalisha kwenye chumba cha vioo, Marcela upande huu na Maryori mbele ya skrini kubwa. Dubán alikuwa chumba cha pili, hakualikwa. Wbeimar alikuwa ameomba ruhusa akapange foleni ya dawa za mama yake. Maryori alizungumza vizuri. Alionyesha ukurasa wa wanachama, ukurasa wa majeneza, ukurasa wa maua. Don Aurelio akasema anataka kuona mtu akifa.

"Tuingize nani?" Maryori akauliza.

"Mwanachama wangu wa kweli. Sitaki majina ya kubuni, nataka nione orodha yangu inafanya kazi."

Hakuna mtu wa hapa anayeweza kuandika jina la ndugu yake aliye hai mahali pa marehemu, hata kwa mchezo. Maryori alijaribu kutaja jina langu mimi, kwa sababu mimi ni mwanachama, lakini mdomo ulikataa. Don Aurelio akasema jamaa zake wote wamo kwenye orodha, lakini hataki mmoja wao aandikwe. Marcela akagonga meza kwa kalamu.

"Weka mama yake Wbeimar," akasema. "Yumo. Na huyo hata hivyo..."

Hakumalizia. Don Aurelio akatazama dirishani.

"Huyo ni mama yangu wa ubatizo," Maryori akasema.

"Vizuri. Basi jina lake unajua kuliandika. Au nikuitie mtu kutoka chini aje abonyeze?"

Maryori akaandika: Gilma Zapata. Anwani ikajileta yenyewe. Kimoyomoyo akaomba msamaha kwa Bikira, akakumbuka kwamba kipande hakijaunganishwa, akabonyeza. Alama ya tiki ikatokea. "Hapa ndipo dereva angepata amri," akamwambia mteja. "Sasa hivi tunaigiza tu."

"Maridadi," akasema Don Aurelio. Wakaletewa kahawa.

Saa hiyo mimi nilikuwa sebuleni kwa Gilma, namsaidia kumenya maharage mabichi. Alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mito, miguu ameiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alikuwa ananicheka.

"Komadre, unamenya kama mtu anayedaiwa."

"Na wewe unamenya kama malkia. Fanya haraka."

Simu yake ikalia mara moja, ujumbe. Alipapasa miwani, hakuipata, akanipa nimsomee. Mimi husoma polepole, nikitembeza kidole. Nikasoma kimya. Iliandikwa: *Familia ya Gilma Zapata, tunashiriki huzuni yenu. Gari letu liko njiani.*

"Nani?" akauliza.

"Matangazo," nikasema. "Wanauza magodoro."

Nikaufuta. Nilidhani ni mtu mkorofi. Nikaendelea kumenya. Sikuwa nimefika chini ya bakuli niliposikia injini ikipanda mtaa wetu kwa gia nzito, kisha ikazimwa mlangoni. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Wanaume wawili wenye tai nyeusi wakasimama kizingitini, mmoja ameshika machela iliyokunjwa. Walivua kofia.

"Poleni sana, akina mama," akasema yule mkubwa. "Tumekuja kumchukua Bi Gilma Zapata. Yuko chumba kipi?"

Gilma ndiye aliyejibu, bakuli la maganda bado mapajani.

"Ni mimi."

Yule mwanamume akatabasamu kwa huruma, kama watu wanavyowatabasamia wafiwa waliochanganyikiwa. "Wewe ni dada yake?"

"Ni mimi Gilma. Mwanangu, umekuja mapema. Bado namenya maharage."

Akacheka, na mimi nikacheka kwa hofu, na yule kijana mwenye machela akacheka kisha akaona aibu. Lakini gari lilikuwa limeshaonekana. Majirani walikuwa wametoka. Mmoja wa nyumba za juu alianza kulia kwa sauti pale barabarani, "Ay, Gilmita, Gilmita wangu!" na wengine wakaitikia. Mtu akaleta viti vya plastiki akaanza kuvipanga ukumbini bila kuuliza. Mwanamke mmoja ambaye yeye na Gilma hawakuwa wanasemezana kwa muda mrefu akaingia moja kwa moja akilia kuomba msamaha, akamkuta Gilma amekaa, akapiga kelele na kuanguka juu ya machela. Hapo hata madereva hawakujizuia. Kulikuwa na kicheko kikubwa ndani ya nyumba ile, na Gilma ndiye pekee aliyekuwa ameacha kucheka.

"Nani ameniandika?" akauliza.

Yule mkubwa akatazama simu yake. "Amri imetoka kwenye mfumo mpya, mama. Ule wa kompyuta."

Gilma akanitazama. Alijua ni mradi wa nani. Wbeimar alikuwa amemweleza kila kitu, nani anafanya nini.

"Mketi," akawaambia wale wanaume. "Hamjanywa kahawa."

Wakaketi. Watu wa mazishi wa kwetu wana adabu. Yule mkubwa akapiga simu kwa bosi wake huku amekishika kikombe kwa mkono mwingine, na kule kwenye chumba cha vioo simu ya Don Aurelio ikalia. Maryori alisikia sauti ya dereva wazi kabisa: "Bosi, tumefika. Isipokuwa marehemu ndiye ametupa kahawa."

Wbeimar alikuwa amepata ujumbe uleule, kwa sababu yeye ndiye familia. Alikuwa amekaribia dirisha la dawa. Aliacha foleni, akaacha karatasi zake mikononi mwa mtu asiyemjua, akapanda mtaa kwa pikipiki. Alipoona lile gari mlangoni na viti vimepangwa na wanawake wanalia, hakuegesha. Aliiachia pikipiki ikaanguka, akaanguka nayo, akaja kwa magoti mpaka mlangoni. Alikuwa anasema, "Sikuwepo, mama, sikuwepo." Kisha akainua uso na kumwona mama yake akimkaribisha mgeni sukari.

Sikuwa nimewahi kuona mtu akimkasirikia mama yake kwa kuwa hai. Ilikuwa ni kwa muda mfupi tu, lakini niliuona uso wake, na Gilma naye aliuona. Kisha akamlalia mapajani akalia juu ya maganda ya maharage.

Dawa hazikupatikana siku hiyo. Dirisha lilifungwa.

Kule ofisini Don Aurelio alikuwa amesimama. Maryori alidhani anaondoka. Alidhani spika zinamsubiri. Lakini mzee alikuwa anacheka na kufuta macho kwa leso.

"Kabla kahawa yangu haijapoa!" akasema. "Mnaniambia mnaigiza! Gari limefika kabla kahawa yangu haijapoa! Watu wangu hawajawahi kufika mahali popote kwa haraka namna hii." Akampigapiga Maryori begani. "Binti, naununua. Huyo mama mpelekeeni maua, kwa gharama yangu."

Maua yalifika jioni ileile. Mfumo ulifanya kazi vizuri. Gilma aliyaweka kwenye ile ndoo.

Maryori aliporudi hakuthubutu kuvuka barabara. Alisimama nyuma ya pazia. Akaniambia kwamba kesho kuna kikao cha kutazama nyuma, ambacho hufanywa mradi ukimalizika ili watu wajifunze, na kwamba amefundishwa kikao hicho si cha kumtafuta mkosaji.

"Marcela naye alifundishwa hivyo?" nikamuuliza.

Akalivuta pazia likafungika vizuri.

"Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa," nikamwambia. "Usiongeze."

Ijumaa walikaa wote wanne. Pipi za rafiki wa siri bado zilikuwa mezani. Marcela akauliza kipande cha ujumbe ni cha nani. Maryori akasema jina lililoandikwa juu yake: Wbeimar. Wbeimar akasema hajui kilivyofika kuwa kizima, yeye hajakimaliza. Hapo Dubán akasimama, uso mwekundu, akijitwika lawama kwa moyo wake wote.

"Ni mimi, Injinia. Mimi nilimfanyia. Ilikuwa zawadi yake ya leo. Yeye hakujua chochote, hakugusa hata mstari mmoja."

Alidhani anamwokoa.

"Hakugusa hata mstari mmoja," Marcela akarudia polepole. "Kwa hiyo tulikuwa tunamlipa afanye nini?" Kisha akamgeukia binti yangu. "Meneja. Na wewe ulikuwa unajua hajafanya kitu?"

Maryori ameniambia kwamba Wbeimar hakumtazama. Aliangalia meza, akampa nafasi ya kusema anachotaka. Angesema, najua, niliweka njano kwa sababu mama yake ni mgonjwa. Marcela angewatoa wote wawili, au pengine asingemtoa yeyote. Nani ajuaye moyo wa Marcela? Mteja alikuwa ameshanunua, na mtu mwenye furaha ya pesa wakati mwingine husamehe.

"Aliniambia bado kidogo," Maryori akasema. "Nikamwamini."

"Kosa la mwanafunzi," akasema Marcela. "Usirudie." Na kwa mara ya kwanza akamwita kwa jina. "Maryori, utachukua vifaa vyake. Ni kazi ya meneja kufunga mradi."

Wbeimar alitoka bila kuchukua pipi zake. Dubán alizikusanya akazitia mfukoni, akalia, na baadaye, Maryori anasema, akazila.

Mkataba wa kudumu ulitiwa saini wiki iliyofuata. Nilipika maharage na nyama ya nguruwe. Maryori alikula, akaomba nyingine. Bima ya Wbeimar ilikatika, na ya serikali ikamwambia Gilma asubiri kadi mpya na kituo kipya cha mashine. Akasubiri. Kutoka dirishani kwetu nilimwona akivimba. Kwanza miguu, kisha uso. Alikuwa anakaa mlangoni apate hewa, na watu waliopita walimtania bado: "Doña Gilma, gari halijarudi?" Naye aliwajibu, "Limekwenda kuweka mafuta."

Kompyuta ya kampuni ilikuwa bado kwa Wbeimar. Marcela aliuliza mara ya kwanza, akauliza mara ya pili. Asubuhi moja Maryori akanijia jikoni, amevaa viatu vya kazini.

"Mama, nenda wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe hawatakufanya chochote."

Nikavuka barabara. Gilma alikuwa amekaa palepale, na Wbeimar alikuwa nyuma anaosha vyombo. Nilisema nimetumwa. Sikusema na nani. Wbeimar akaingia chumbani, akarudi na kompyuta kwenye mkoba wake na kadi ya mlango imefungwa juu kwa mpira. Akanikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu.

"Mama Rubiela, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, mwanangu."

"Kaa unywe kahawa, komadre," akasema Gilma.

Nilisema nina haraka. Akasema mtu haingii nyumbani kwake akatoka mkavu. Wbeimar akaenda kuchemsha. Nikakaa nimeipakata kompyuta. Tulizungumza habari za bei ya nyanya na mvua. Alitaka kuvaa ndala ainuke, zikakataa kuingia. Akajaribu mguu mmoja, akajaribu mwingine, akaziacha. Mimi nilikuwa karibu, ningeweza kuinama nimsaidie, lakini nilikuwa na mzigo mapajani. Aliniuliza kama Maryori anakula vizuri. Nikasema anakula. Akauliza kama wamempa meza yake. Nikasema ndiyo, ya dirishani.

"Mungu ambariki," akasema. Alikuwa anahema.

Kahawa ilikuwa tamu mno, kama anavyoipenda yeye. Niliinywa yote. Nikaaga, na Wbeimar akanishika kiwiko kunivusha ngazi ya mlangoni, maana ina ufa.

Maryori alikuwa nyuma ya pazia. Akaupokea mkoba kabla sijafunga mlango.

"Wamesema nini?"

"Wamenipa kahawa."

Akafungua zipu, akaitoa kompyuta, akaigeuza huku na huku kutazama mikwaruzo. Akaiwasha. Ikawaka.

"Chaja ipo?"

Nikatazama ndani ya mkoba.

"Haipo," nikasema.

Akaitazama nyumba ya upande wa pili, kisha akanitazama mimi.

"Rudi, mama," akasema. "Kabla hawajasahau walikoiweka."

Nikarudi.